Mililita Mia

Kilo nane, walisema kwenye simu,
na mkoba uingie chini ya kiti.
Nikauweka kitandani, mdomo wazi,
kama kifaranga anayedai chake.

Safari yenyewe ni ya saa moja haijatimia:
Flores hadi Terceira, kisiwa hadi kisiwa,
ndege ya pangaboi mbili. Lakini dada yangu Idalina
anaolewa Jumamosi, ana miaka sitini na minane,
na mikono yake siku hizi inatetemeka.
"Deolinda," alisema, "wanja nikijipaka mwenyewe
nitaingia kanisani kama paka aliyenyeshewa.
Njoo na vitu vyako."

Vitu vyangu!
Kabati la bafuni likanicheka.
Poda niliyoinunua mwaka bonde lilipofurika
imepasuka kama shamba la kiangazi. Nje.
Rangi ya mdomo, nyekundu ya pilipili: ndani.
Nyingine ya kahawia, maana padre ni mtu wa zamani: ndani.
Penseli ya wanja. Kichongeo chake, nikasita,
je, kichongeo nacho ni silaha?
Krimu nikaikamulia katika kichupa cha dawa ya macho
cha marehemu mume wangu, bado kimeandikwa
tone moja, asubuhi na jioni.
Kibanio cha kope, ambacho mjukuu wangu Rufino
hukiita koleo la kung'olea ndoto.
Gauni nikalikunja mara tatu,
viatu nikavijaza soksi, soksi nikazijaza hereni.
Mswaki nikaukata mpini.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi;
huu wangu niliutundika kwenye mizani ya jibini:
kilo saba, gramu mia tisa.

Kimebaki kimoja. Chupa ya maji ya waridi,
mawaridi ya mama, yale ya ukutani upande wa zizi,
niliyoyachemsha katika sufuria yake ileile.
Tulipokuwa wasichana alitupaka nyuma ya masikio
kabla ya misa, tusinuke ng'ombe.
Nikaitumbukiza bila kuipima.
Mambo mengine hayapimwi.
Ndivyo nilivyojidanganya.

Kiwanjani, kwenye mashine, alisimama Nélio,
niliyemfundisha kusoma, aliyekuwa akiruka herufi.
Akaiinua chupa kwenye mwanga, akaisoma yote.
"Mwalimu, hii ni mililita mia mbili."
"Ni waridi, Nélio."
"Ni waridi mililita mia mbili."
Hakutabasamu. Masikio tu yalimwiva.
Akanionyesha pipa: shampuu, jamu ya matini,
manukato ya mtu yenye utepe bado shingoni.

Sikuitupa.
Niling'oa kizibo palepale, nikajimiminia
viganjani, shingoni, mikononi mwa koti.
Nikamgeukia mama aliyekuwa nyuma yangu:
"Lete mikono." Akaleta, na ya mtoto pia.
Kisha kijana mwenye gitaa.
Kisha wazee wawili waendao kupimwa moyo,
mmoja akajipaka kwenye upara na kushukuru.
Foleni ikasogea kama ya komunyo,
kila mtu viganja juu.
Nélio akawa wa mwisho. Akatazama kulia, kushoto,
akavua glavu moja.

Ndege nzima ilinuka ukuta wa zizi letu.
Mhudumu alipita na maji, akapunguza mwendo,
hakuuliza.

Idalina alinikumbatia mlangoni
akakaa hapo shingoni pangu
kupita kiasi cha salamu.
"Umeileta," akasema.
"Walinizuia nayo."
"Umeileta."

Jumamosi asubuhi nilimpaka wanja.
Mkono wangu nao, sijui kwa nini, ukatetemeka,
jicho la kushoto likatoka nene kuliko la kulia.
Akajitazama kiooni, akasema liache.
Kisha nikalichukua koti langu kwenye msumari,
nikautafuta mkono uliolowa zaidi,
nikamfuta nao nyuma ya masikio,
kwanza hili, halafu lile.